Dispacha wa kujitegemea: jinsi ya kulitafutia lori mzigo Marekani bila kugeuka dalali

Marekani yapo malori mengi ya mizigo yanayomilikiwa na watu binafsi. Mtu amelichukua moja kwa mkopo, analiendesha mwenyewe, na usiku analala humo humo nyuma ya kiti. Hawezi kushika usukani mchana kutwa na papo hapo awe anatafuta mzigo, anabishania bei, anajaza fomu na kufuatilia malipo. Kazi hiyo humwachia dispacha. Dispacha wa kujitegemea hakuajiriwa na kampuni yoyote ya malori; ana mkataba na mwenye lori mmoja, wawili au watano, na hulipwa sehemu ya kile ambacho lori limeingiza.

Wanaozungumza Kiswahili wamo pande zote mbili za simu hii. Wapo Wakongo, Wakenya, Warundi na Wanyarwanda waliohamia Texas, Iowa, Kentucky na Ohio wakapata leseni za malori, na baadhi yao sasa wana malori yao. Huku Afrika Mashariki, vijana wa Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam wanaifanya kazi hii kwa intaneti usiku. Katikati wamejaa wauza kozi wanaoahidi kwamba kompyuta na simu vinatosha. Havitoshi. Lazima ujue uko upande wa nani, ujue lori linaruhusiwa kufanya nini kisheria, na uweze kupiga hesabu ya maili kabla ya kusema ndiyo.

Upande wa lori, si upande wa mzigo

Kwenye safari moja kuna watu wanne. Mwenye mzigo ana bidhaa ghalani. Dalali wa mizigo amepewa na mwenye mzigo kazi ya kutafuta lori. Msafirishaji ndiye mwenye lori, hata kama kampuni yake ni yeye peke yake. Mpokeaji anasubiri mwisho wa safari. Faida ya dalali ni tofauti kati ya anacholipwa na mwenye mzigo na anachomlipa msafirishaji, kwa hiyo kila dola unayomwongezea mwenye lori inatoka mfukoni mwa dalali. Dispacha amesimama na msafirishaji. Akisahau hilo, hata kwa nia njema, anaingia matatani.

Msafirishaji na dalali wote husajiliwa na FMCSA, idara ya serikali kuu inayosimamia usalama wa malori. Dalali lazima aweke dhamana ya dola 75,000, ili akishindwa kumlipa mwenye lori kuwe na mahali pa kudai. Dispacha hana leseni ya aina yake: hana mtihani wala namba ya usajili. Wengi wakisikia hivyo hudhani hakuna sheria inayowahusu. Ipo, tena inauma. Anayefanya udalali bila kusajiliwa anaweza kutozwa faini ya maelfu ya dola kwa kila kosa, na anabeba madai halali ya waliopata hasara bila kikomo cha kiasi.

Mpaka uko wapi basi? Tarehe 16 Juni 2023 FMCSA ilitoa mwongozo wa mwisho kuhusu jambo hili. Dispacha aliyeteuliwa na msafirishaji kwa mkataba wa maandishi, anayefanya kazi chini ya maelekezo yake, anahesabiwa kuwa wakala wake. Akianza kuamua mwenyewe mzigo huu umwendee nani kati ya wasafirishaji alio nao, ameshakuwa dalali. Kuwa na wateja wengi peke yake si kosa. Kinachopimwa hasa ni uamuzi wa kugawa mizigo, na fedha: kushika malipo yanayotoka kwa mwenye mzigo kwenda kwa msafirishaji ni dalili nzito kwamba unahitaji usajili wa udalali.

Chukua hali inayotokea kila wiki. Una wateja wawili, malori yao yote yako Memphis, yote yana trela ya aina moja, na unaona mzigo mmoja mzuri. Kosa ni kuukamata mzigo kwanza halafu ukakaa kufikiria umpe nani. Anza na lori. Unatafuta kwa ajili ya namba fulani ya MC, yaani namba ya kibali cha msafirishaji. Unamtajia dalali namba hiyo tangu sentensi ya kwanza. Mwenye lori ndiye anayeukubali au kuukataa. Na mzigo unaandikwa kwa jina lake. Akiukataa, mrudishie dalali mzigo wake. Kumhamishia mteja wa pili kimya kimya ndiko mwongozo unakokutaja waziwazi kuwa nje ya kazi ya dispacha. Vilevile usipige simu kiwandani ukajitangaza kwamba una malori kwa jumla, kana kwamba wewe ndiye soko.

Fedha ni rahisi zaidi kuzipanga. Ankara itoke kwa jina la msafirishaji na ilipwe kwenye akaunti yake, au kwa kampuni inayonunua ankara zake, yaani inayomlipa mapema na kukata asilimia. Wewe baadaye unampelekea mteja bili yako mwenyewe.

Lori linaruhusiwa nini

Saa za dereva ndizo zinazowaangusha wanaoanza. Dereva anaruhusiwa kuendesha saa 11 baada ya kupumzika saa 10 mfululizo. Hizo saa 11 lazima ziingie ndani ya dirisha la saa 14 tangu aanze kazi, na dirisha hilo haliachi kusogea kwa sababu amekwama kwenye foleni ya kupakia. Akifikisha jumla ya saa 8 za kuendesha bila kukatiza kwa angalau dakika 30, lazima aache kuendesha kwa dakika 30. Kwa kampuni zinazofanya kazi kila siku ya wiki, dereva hatakiwi kuendesha tena akishatimiza saa 70 za kazi ndani ya siku 8, mpaka saa za zamani zidondoke kwenye hesabu au apumzike saa 34 mfululizo, na hapo anaanza upya.

Vyote hivyo vinarekodiwa na ELD, kifaa kilichounganishwa na injini. Kila asubuhi muulize dereva mambo matatu kabla hujafungua kompyuta: amebakiwa na saa ngapi za kuendesha, ngapi za zamu, ngapi za wiki. Kanuni iliyoanza kutumika mwaka 2016 inakataza msafirishaji, mwenye mzigo, mpokeaji na hata watu wa kati kumshinikiza dereva avunje saa hizi. Ujumbe wa simu unaosema "jitahidi tu ufike" unaweza kusomwa na mkaguzi, na baada ya ajali unasomwa na wakili.

Uzito una mipaka yake. Lori lote pamoja na mzigo halitakiwi kuzidi pauni 80,000, karibu tani 36, na haitoshi jumla kuwa sawa: ekseli mbili za nyuma za kichwa cha lori zisizidi pauni 34,000, na mbili za trela zisizidi pauni 34,000. Kichwa na trela tupu huweza kufika pauni 33,000 hadi 35,000, kwa hiyo trela ya kawaida iliyofungwa ya futi 53 hubeba kama pauni 44,000 au 45,000. Trela ya friji hubeba pungufu kidogo ya hapo, kwa sababu mashine na kuta zake ni nzito. Mwenye lori akupe uzito wake halisi, uliopimwa kwenye mizani akiwa na tangi lililojaa. Mzigo wa pauni 45,000 unaopendeza kwenye skrini unaweza kumfanya dereva arudi kwa mpakiaji kupunguza, na nusu ya siku imeshakwenda.

Chagua aina moja ya trela uijue kwa kina. Ya kufungwa ndiyo nyepesi kuanzia, na ndiyo yenye ushindani mkubwa wa bei. Ya friji inalipa vizuri zaidi lakini inadai uangalifu: lazima ujue nyuzi joto zilizoandikwa, kama mashine iendeshwe mfululizo au kwa kukatakata, na kama trela ipozwe kabla ya kufika kupakia. Nyuzi zilizoandikwa kwenye makubaliano ya bei zikitofautiana na zilizo kwenye hati ya shehena, dereva asiondoke kabla dalali hajathibitisha kwa maandishi. Trela bapa ina kazi ya minyororo, mikanda na maturubai, na dereva hulipwa zaidi kwa jasho hilo. Malori madogo ya boksi ya futi 26 yana soko lake. Yakiwa chini ya pauni 26,001 kwa uzito uliosajiliwa kiwandani, na yasipobeba kemikali hatari, hayahitaji leseni ya CDL, yaani ya udereva wa malori makubwa. Ndiyo sababu yamejaa watu, na bei zake nyingi ni za chini.

Mzigo mmoja, Dallas hadi Atlanta

Tuseme lori liko Waco, Texas, lina trela ya kufungwa. Kwenye bodi ya mizigo ya mtandaoni, DAT au Truckstop, kuna mzigo wa pauni 42,000 wa kupakia Dallas Jumanne saa nne asubuhi, kushusha Atlanta. Dallas hadi Atlanta ni kama maili 780. Dalali anatoa dola 1,600.

Anayeanza hugawa 1,600 kwa 780, akapata dola 2.05 kwa maili, akafurahi. Lakini lori litatoka Waco tupu maili 95 kwenda kupakia, na dizeli haijui kama trela ina kitu. Maili za kweli ni 875, na 1,600 kwa 875 ni dola 1.83. Sasa mwulize mwenye lori gharama yake kwa maili: mkopo wa lori, bima, dizeli, matairi, matengenezo na mshahara wa dereva hata kama dereva ni yeye mwenyewe. Taasisi ya utafiti ya ATRI ilipata wastani wa dola 2.27 kwa maili kwa mwaka 2023. Mwenye lori mmoja aliyemaliza mkopo anaweza kuwa chini ya hapo. Tuseme wa kwetu anahitaji 1.90. Mara 875, ni dola 1,662.50. Bei ya dalali ni hasara kabla injini haijawashwa.

Sasa saa. Dereva anaanza Waco saa moja na nusu asubuhi, anafika Dallas baada ya saa moja na dakika 45, anapakiwa mpaka saa sita mchana. Dirisha lake la saa 14 linafungwa saa tatu na nusu usiku. Ukitoa nusu saa ya mapumziko, ana saa 9 za kuendesha. Kwa wastani wa maili 55 kwa saa ni kama maili 495, na hapo yuko Meridian, Mississippi. Analala saa 10. Anaondoka saa moja na nusu asubuhi Jumatano, zimebaki kama maili 285, zaidi kidogo ya saa 5. Anaingia Atlanta kabla ya saa saba mchana kwa saa za Texas. Ila Atlanta iko mbele kwa saa moja. Ongeza kujaza dizeli na msongamano, na ahadi ya kweli ni saa nane na nusu mchana.

Kwa hiyo dalali akisema mpokeaji anataka mzigo Jumatano saa mbili asubuhi, jibu ni hapana, na sababu unayo mkononi. Anayekubali kwa kutumaini kwamba "dereva atajua mwenyewe" amemuuza mteja wake: mzigo utachelewa, mpokeaji anaweza kumpangia siku nyingine, dalali atakata fedha.

Kuna jambo moja zaidi kabla ya kukubali: Atlanta inatoka mizigo mingi, kwa hiyo kesho yake lori halitakaa. Mzigo huohuo ungekuwa wa kwenda kusini mwa Florida, hesabu ingebadilika. Florida hupokea kuliko inavyotoa, isipokuwa msimu wa mboga na matunda katika miezi ya masika, na bei za kutoka huko huwa duni. Denver nayo ina tabia hiyo. Bei ya kuingia sehemu kama hizo lazima ibebe na maumivu ya kutoka. Dispacha mzuri huupima mzigo wa pili kabla hajafunga wa kwanza.

Simu yenyewe

Mazungumzo na madalali ni kwa Kiingereza, ya haraka, na mara nyingi hayazidi dakika tano. Jitambulishe kwa jina lako na uwakilishi wako: unapiga kwa niaba ya kampuni fulani, namba yake ya MC ni hii, lori liko Waco, tupu, tayari kesho asubuhi. Kisha uliza maswali yote ya mzigo kabla ya bei. Ni bidhaa gani na uzito gani? Muda wa kupakia ni wa miadi au anayefika kwanza ndiye anayehudumiwa? Dereva atasubiri kupakiwa au trela iko tayari? Vinahitajika vyuma vya kuzuia mzigo au mikanda? Nani anawalipa wapakuaji? Wanataka kufuatilia lori kwa programu gani?

Maswali hayo yanafanya kazi mbili. Yanakupa ukweli, na yanakupa hoja. Kama kupakia ni kwa miadi ya saa nne na ghala hilo lina sifa ya kuchelewesha, hiyo ni sababu ya bei kupanda. Kwa mzigo wetu, omba dola 2,000 na ueleze kwa utulivu: lori liko maili 95, ni la kampuni yenye ukaguzi safi, litafika kwa wakati. Akija 1,850, piga hesabu: kwa maili 875 ni dola 2.11. Mpigie mwenye lori, mweleze kila kitu pamoja na maili tupu, naye aseme ndiyo au hapana. Usitaje kiwango chako cha chini kabisa kwenye simu ya kwanza, na usidanganye kwamba una mzigo mwingine kama huna; madalali wanaandika kumbukumbu za kila msafirishaji, na unayemharibia jina ni mteja wako.

Nani hasa yuko upande wa pili

Wizi wa mizigo kwa karatasi umekithiri. Mtindo mmoja ni mtu kujifanya msafirishaji, kuchukua mzigo kwa dalali, kisha kuuweka sokoni tena kana kwamba yeye ndiye dalali. Lori lako linabeba, mzigo unafika, anayelipwa ni tapeli, na mwenye lori haoni senti.

Kabla ya kutuma hati yoyote, fungua tovuti ya SAFER ya FMCSA, ambayo ni ya bure, uweke namba ya MC ya dalali. Hakikisha kibali chake cha udalali kiko hai, si cha usafirishaji peke yake. Linganisha namba ya simu iliyosajiliwa na ile uliyopigiwa; zikitofautiana, piga iliyosajiliwa uulizie mzigo huo. Soma anwani ya barua pepe herufi kwa herufi, kwani kistari kimoja kilichoongezwa kati ya maneno kinatosha kukupeleka kwa mwizi. Kisha iulize kampuni inayonunua ankara za mteja kama inamkubali dalali huyo. Ikimkataa, achana na mzigo, hata kama bei inang'aa. Bei iliyo juu mno ya soko bila sababu ni ishara. Dereva kuambiwa aseme ghalani kwamba ametoka kampuni nyingine ni ishara kubwa zaidi, hapo asipakie.

Dalali mpya atataka msafirishaji ajisajili kwake kwanza. Kaa na faili lenye barua ya kibali cha MC, fomu ya kodi ya W-9, barua ya kampuni inayonunua ankara, na namba ya wakala wa bima, kwa sababu cheti cha bima hutumwa na wakala moja kwa moja. Sheria inataka bima ya dhima ya angalau dola 750,000 kwa mizigo ya kawaida kwenye malori makubwa, lakini karibu madalali wote hudai milioni 1, na bima ya mzigo ya dola 100,000. Halafu yanakuja makubaliano ya bei, ambayo madereva huyaita ratekoni. Yasome mpaka ukurasa wa mwisho. Bei, anwani na saa zilingane na mlichosema kwa simu, na huko chini kwenye maandishi madogo ndiko kuna faini za kuchelewa, za kutofuatiliwa kwa simu, za kuchelewesha hati. Kisichokubalika kirekebishwe kabla ya sahihi.

Mambo yanayokwenda kombo njiani

Ghala likimsubirisha dereva, kuna fidia, kwa kawaida baada ya saa 2 za bure, nyingi kati ya dola 25 na 75 kwa saa. Fidia hii hupotea kwa uzembe wa karatasi kuliko kwa ubishi wa madalali. Dereva aandikishe saa ya kuingia na ya kutoka kwenye hati ya shehena, zisainiwe na ghala, na wewe umwandikie dalali barua pepe dakika 30 kabla saa za bure hazijaisha. Ukimwarifu baada ya dereva kuondoka, wengi watakuonyesha kifungu kinachosema umechelewa. Mzigo ukifutwa lori likiwa njiani au limefika, dai malipo ya lori lililoitwa bure; dola 150 hadi 250 ni za kawaida. Wapakuaji wakilipwa na dereva, risiti ni fedha: bila risiti hakuna marejesho.

Mzigo ukishashushwa, hati iliyosainiwa na mpokeaji ipigwe picha papo hapo, kurasa zote, bila kukata pembe wala kivuli. Mpokeaji akiandika kwamba maboksi mawili yameharibika, usisubiri. Mjulishe dalali na mwenye lori saa hiyo hiyo, pamoja na picha za mzigo ndani ya trela. Madalali wengi hulipa baada ya siku 30. Kampuni ya kununua ankara hulipa ndani ya siku moja au mbili na kukata kama asilimia 2 hadi 5, nayo hairuki karatasi iliyofifia.

Jambo la lugha ni zito kwa wateja wetu. Kanuni za serikali kuu zinamtaka dereva aweze kuzungumza na kusoma Kiingereza cha kutosha, na tangu tarehe 25 Juni 2025 anayeshindwa kwenye ukaguzi wa barabarani husimamishwa hapo hapo asiendeshe. Dispacha anayezungumza Kiswahili anaweza kumweleza dereva kila kitu, lakini hawezi kumjibia mkaguzi kwa simu. Kama mteja wako ana mashaka, mfanyie mazoezi: majina ya hati, maswali ya ukaguzi, alama za barabarani.

Malipo na mkataba

Kiwango kilichozoeleka ni asilimia 5 hadi 10 ya mapato ya mzigo. Kwa mzigo wetu wa dola 1,850, asilimia 6 ni dola 111. Lori likiingiza dola 5,500 kwa wiki, ni dola 330. Malori matatu au manne yanamtosha mtu mmoja anayejifunza. Zaidi ya hapo simu zinagongana, na lori linalosahaulika siku moja limekula faida ya wiki. Wapo wanaotoza kiasi kimoja kwa wiki, nako kuna uzuri wake: dispacha hana hamu ya kuchukua mzigo mbaya ili apate asilimia yake.

Mkataba useme wazi kwamba unafanya kazi kama wakala wa msafirishaji, utaje anachokuruhusu kusaini, useme uamuzi wa kila mzigo ni wake, ada inalipwa lini na inahesabiwa juu ya nini. Fidia ya kusubirishwa imo au haimo? Andikeni. Useme pia kila upande unaweza kuachana kwa taarifa ya siku ngapi. Akaunti za bodi za mizigo zinasajiliwa kwa MC ya msafirishaji, na dispacha hupewa nafasi ndani yake. Usikubali kukodishiwa nywila na mtu wa tatu, kwa kuwa akaunti ikifungwa anayeumia ni mwenye lori.

Ukiwa Nairobi au Dar

Dalali wa Dallas au Chicago akifungua ofisi saa moja asubuhi, Afrika Mashariki ni saa tisa alasiri wakati wa kiangazi cha huko na saa kumi wakati wa baridi. Anafunga saa saba au saa nane usiku wako. Wamarekani hubadili saa Jumapili ya pili ya Machi na Jumapili ya kwanza ya Novemba. Weka alama kwenye kalenda, maana wiki hiyo miadi huvurugika. Na dereva akikwama getini Texas saa tisa usiku majira ya kiangazi, kwako ni saa tano asubuhi, umeamka, una chai mbele yako. Liseme hilo unapoomba kazi, kwa sababu dispacha aliyeko Marekani kwa saa hiyo amelala.

Utahitaji namba ya simu ya Marekani inayopita kwenye intaneti, laini ya pili ya intaneti ya mtandao tofauti, na umeme wa akiba. Mteja wa Marekani humpa mgeni asiye mkazi wa kule fomu ya W-8BEN ajaze, si W-9. Kazi iliyofanyiwa nje ya Marekani haihesabiwi kuwa mapato yaliyotokana na Marekani, lakini KRA au TRA wanakudai kodi yao kama kawaida.

Pa kuanzia

Anza na ramani. Barabara kuu zenye namba shufwa huenda mashariki na magharibi, zenye namba witiri kaskazini na kusini. I-10 iko kusini kabisa, I-90 kaskazini, I-5 pwani ya Pasifiki, I-95 pwani ya Atlantiki. Jua muda kati ya Dallas, Memphis, Atlanta, Chicago na Los Angeles bila kufungua kompyuta. Soma sehemu ya 395 ya kanuni za FMCSA, inayohusu saa za dereva, na ya 371, inayohusu madalali; zote ziko bure mtandaoni. Kisha tafuta dispacha mwenye wateja umsaidie zamu za usiku: kufuatilia malori, kukusanya hati, kuandika barua za fidia. Huko ndiko utasoma ratekoni za kweli kabla hujajadili ya kwako.

Mteja wa kwanza humpati kwa matangazo mengi. Nenda kwa madereva wanaokujua au wanaowajua wako, makanisani, misikitini na kwenye vyama vya wahamiaji. Kabla ya kumkubali, mkague kwenye SAFER kama unavyomkagua dalali. Kibali chake cha MC kikiwa na umri chini ya siku 90, madalali wengi watamkataa na mizigo atakayopata itakuwa michache, hivyo mweleze mapema. Mwenye lori asiyejua gharama yake kwa maili, keti naye siku moja muitafute kwa risiti zake. Asiyetaka kukuambia, usimchukue, kwa kuwa utakuwa unakubali bei gizani.

Anza na lori moja kwa wiki nne. Kwa kila mzigo andika kwenye jedwali: maili tupu, maili za mzigo, bei, saa za kusubiri, fidia iliyodaiwa na iliyolipwa, siku malipo yalipoingia. Mwisho wa wiki ya nne mpelekee mteja jedwali hilo pamoja na mstari wa dola kwa maili zote, tupu na zenye mzigo. Mstari huo ukiwa juu ya gharama yake, muombe akujulishe kwa mwenzake mwenye lori la pili. Ukiwa chini, jedwali litakuonyesha wapi: mara nyingi ni maili tupu za Jumatatu, kwa sababu mzigo wa wiki mpya haukutafutwa Ijumaa kabla madalali hawajafunga ofisi.